Umekosea? Usijifiche

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya maji ya kuchemsha, vyoo, vyandarua na chanjo. Leo tunazungumza juu ya jambo lisiloonekana kwa macho. Jambo hilo ni aibu ya mtu aliyekosea.

Maoni yetu ni haya. Watu wengi hawaumizwi sana na kosa walilofanya. Wanaumizwa zaidi na kujificha baada ya kosa. Na wanajificha kwa sababu wanaamini kwamba mtu mwema hakosei kamwe. Imani hiyo si ya kweli, na inadhuru afya. Inafaa tuiache.

Mfano wa mgonjwa wa kifua kikuu

Tuseme mtu mmoja anaugua kifua kikuu. Amepimwa makohozi na amepewa dawa. Kwa kawaida dawa hizi humezwa kwa muda wa miezi sita. Katika mwezi wa tatu mgonjwa anapata nafuu. Kikohozi kimekwisha na mwili umerudi. Mvua zinanyesha. Anakwenda kulima shamba la mbali na kusahau dawa nyumbani. Siku kumi zinapita bila kumeza dawa.

Anaporudi nyumbani anakumbuka maneno ya mganga wa zahanati: usikatize dawa. Moyo wake unamwambia: "Nimeharibu. Mimi ni mtu mjinga. Nitamtazamaje mganga usoni? Atanigombeza mbele ya watu." Basi anakaa kimya. Siku yake ya kwenda zahanati inafika, haendi. Mwezi unaofuata haendi tena.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Kosa la kwanza lilikuwa nini? Ni kukatiza dawa kwa siku kumi. Kosa hilo si dogo. Lakini lilikuwa na njia ya kurekebishwa. Kama angerudi mapema na kusema ukweli, mganga angempima na kumwelekeza namna ya kuendelea.

Kosa la pili ni kujificha. Hilo ndilo la hatari zaidi. Vijidudu vya kifua kikuu vikipata nafasi huongezeka tena. Vinaweza pia kuwa sugu, yaani dawa za kawaida haziviui tena. Mgonjwa huyo anaweza kumwambukiza mkewe na watoto wake ugonjwa huo sugu. Wazee walisema: mficha ugonjwa, kifo humuumbua.

Watu wa namna hii wako wengi. Yuko mama aliyepitisha tarehe ya chanjo ya mtoto. Anaogopa kugombezwa, kwa hiyo mtoto anakosa chanjo zote zilizobaki. Yuko mzee aliyeacha pombe miezi mitano. Siku moja msibani akanywa kikombe kimoja. Akasema, "Nimekwisha haribu," akanywa wiki nzima. Yuko mwanakisomo aliyesoma neno vibaya darasani. Watu wakacheka, naye hakurudi tena kwenye kisomo. Yuko mkulima aliyekopa mbolea, mavuno yakawa mabaya. Sasa anakwepa mikutano ya ushirika, na deni linazidi kukua.

Katika mifano yote hii, kosa la kwanza lilikuwa dogo kuliko hasara iliyoletwa na kujificha.

Mtumwa aliyekuwa mwalimu

Jambo hili si geni duniani. Zamani sana, kama miaka 300 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, walikuwapo walimu huko Ugiriki walioitwa Wastoiki. Walifundisha watu namna ya kuishi kwa akili na utulivu.

Mmoja wa walimu wa baadaye wa njia hiyo aliitwa Epictetus. Alizaliwa karibu mwaka 50 baada ya Kristo, katika mji wa Hierapolis. Mahali hapo leo ni nchi ya Uturuki. Epictetus alizaliwa mtumwa. Alikuwa pia kiwete. Alipelekwa Roma, akasoma huko, na baadaye akapata uhuru wake. Mtawala wa Roma alipowafukuza walimu wa falsafa, Epictetus alikwenda Nicopolis, huko Ugiriki, akafungua shule. Yeye mwenyewe hakuandika kitabu. Mwanafunzi wake aliyeitwa Arrian ndiye aliyeandika mafundisho yake. Baadaye mafundisho hayo yalisomwa na Marcus Aurelius, aliyetawala dola ya Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180. Maneno ya mtumwa yakamfikia mfalme.

Je, Epictetus alifundisha nini? Tutaje mambo matatu.

Kwanza, alisema kuna mambo yaliyo katika uwezo wetu, na kuna mambo yasiyo katika uwezo wetu. Mvua haiko katika uwezo wako. Kupanda mbegu kwa wakati kuko katika uwezo wako. Jana haiko katika uwezo wako. Leo kuna kitu unachoweza kufanya. Sisi nasi tunasema kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mtungi bado uko, na kisima bado kiko.

Pili, alifundisha kwamba mara nyingi kinachotusumbua ni namna tunavyolitazama jambo, kuliko jambo lenyewe. Tutalieleza hili zaidi hapa chini.

Tatu, alikubali kwamba binadamu hawezi kuishi bila kosa lolote. Kilicho katika uwezo wetu ni kujitahidi kila siku tupunguze makosa. Tena alieleza hatua tatu za kujifunza. Mtu ambaye hajafunzwa hulaumu wengine kwa shida zake. Aliyeanza kujifunza hujilaumu mwenyewe. Aliyekomaa katika kujifunza haoni faida ya kumlaumu mwenzake wala kujilaumu mwenyewe.

Ndugu msomaji, wengi wetu tumesimama kwenye hatua ile ya pili. Tumeacha kumsingizia jirani. Lakini sasa tunajipiga wenyewe kila siku kwa maneno makali. Safari haijafika mwisho.

Daktari aliyekwenda bustanini

Karne nyingi zilipita. Mwaka 1913 alizaliwa mtu mmoja huko Marekani, jina lake Albert Ellis. Alikulia katika mji wa New York. Utotoni aliugua sana, akalazwa hospitali mara nyingi. Alikuwa pia mwenye aibu nyingi. Aliogopa hasa kuzungumza na wanawake.

Alipokuwa na umri wa miaka 19 aliamua kujizoeza. Alikwenda kwenye bustani moja kubwa ya miti na maua katika mji huo. Kila alipomwona mwanamke ameketi peke yake, alikwenda kumsalimu na kuanza mazungumzo. Kwa maelezo yake mwenyewe, katika mwezi mmoja alizungumza na wanawake wapatao 100. Hakupata mchumba hata mmoja. Lakini alipata somo. Aliona kwamba kukataliwa hakuui mtu. Aibu yake ikapungua.

Baadaye Ellis alisomea elimu ya nafsi, yaani elimu ya fikra na tabia za watu. Mwaka 1955 alianza kutumia njia mpya ya kuwasaidia watu wenye huzuni na hofu. Njia hiyo haikutumia sindano wala vidonge. Ilitumia mazungumzo na mazoezi ya kufikiri. Ellis alisema wazi kuwa mengi aliyapata kwa Wastoiki wa kale, pamoja na Epictetus. Alifariki mwaka 2007, lakini njia yake bado inatumika katika nchi nyingi.

Jambo, wazo na hali

Mafundisho ya Ellis yanaweza kuelezwa kwa maneno matatu: jambo, wazo, hali.

Jambo ni kile kilichotokea. Wazo ni kile unachojiambia moyoni juu ya jambo hilo. Hali ni namna unavyojisikia na unavyotenda baadaye.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Jambo: alikatiza dawa siku kumi. Hali: aibu kubwa na kujificha. Watu husema jambo ndilo lililoleta hali. Lakini hapo katikati kuna wazo: "Mimi ni mtu mjinga, sifai."

Badili wazo uone. Jambo ni lile lile, siku kumi bila dawa. Wazo sasa ni hili: "Nimefanya kosa baya. Linanihuzunisha. Lakini mimi bado ni mtu, na bado nataka kupona. Mganga akinigombeza nitavumilia." Hali itakuwaje? Huzuni itakuwapo, tena inafaa iwepo. Lakini mtu huyu ataamka asubuhi, atashika njia, atafika zahanati.

Tazama tofauti yake. Huzuni ya kosa inaweza kukuamsha. Aibu ya kujidharau inakulaza chini.

Neno "lazima"

Ellis aliwaonya watu juu ya neno moja. Neno hilo ni "lazima". Alisema binadamu hujitesa kwa lazima tatu. Ya kwanza: ni lazima mimi nifanye vizuri kila wakati na nisifiwe. Ya pili: ni lazima watu wanitendee vizuri. Ya tatu: ni lazima maisha yangu yawe rahisi.

Kutamani mambo hayo si vibaya. Nani hapendi kufanya vizuri? Nani hapendi mvua ije kwa wakati? Ubaya unaanza pale tamaa inapogeuka kuwa amri. Hakuna aliyeiamuru mvua ikamtii. Hali kadhalika, hakuna aliyejiamuru asikosee kamwe akafanikiwa. Kwa hiyo jizoeze kusema "napenda" na "nitajitahidi" mahali pa "ni lazima".

Gunia la mahindi

Ellis alifundisha jambo jingine kubwa. Alisema mtu anaweza kulipima tendo, lakini asimpime mtu mzima kwa tendo moja. Tueleze kwa mfano wa nyumbani.

Umefungua gunia la mahindi. Umekuta punje nyingine zimetobolewa na wadudu. Je, utalitupa gunia zima? Hapana. Utayamwaga kwenye mkeka, utachambua, utapepeta. Mabovu utayatenga, mazuri utasaga. Wala hutasema kwamba hakuna punje mbovu hata moja. Ukidanganya hivyo, wadudu watakula gunia zima.

Mtu naye ni kama gunia hilo. Ndani yake mna matendo maelfu, tangu utoto hadi uzee. Mengine mazuri, mengine mabaya. Nani ana mizani ya kuyapima yote na kusema mtu huyu hafai? Sisi hatuna. Tendo moja baya liitwe tendo baya. Mtu abaki mtu.

Kwa hiyo tuwe waangalifu na majina tunayopeana vijijini. Mtu akilewa mara tatu tunamwita "mlevi" mpaka anazikwa. Mtoto akifeli mtihani tunamwita "mjinga". Jina la namna hiyo ni kama kufuli. Mtu akikwisha kufungiwa ndani yake, anaona hakuna haja ya kujaribu kutoka.

Je, hii ni ruhusa ya kukosea?

Wengine watauliza: "Tukimwambia mtu ajikubali na makosa yake, si atabweteka? Si atasema hakuna binadamu asiyekosea, kisha aendelee kupiga mke wake?"

Swali hilo ni zuri. Jibu letu ni hapana. Kujikubali maana yake ni kusema kweli yote: nimefanya kosa, ni langu, limemuumiza fulani, nitaomba radhi, nitalipa, nitajirekebisha. Mtu anayejiona hafai ndiye asiyeweza kusema maneno hayo. Akikubali kosa moja anaona ameangamia, kwa hiyo anakana, anadanganya, au anamsingizia mwingine. Anayejua kwamba bado ni mtu ana ujasiri wa kulitaja kosa lake. Kisha adhabu ya sheria au ya baraza kama ipo, aikubali.

Tuna msemo usemao: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Msemo huo ni mzuri kwa kuonya. Lakini usiutumie kumkatia mtu tamaa. Anayeacha pombe au tumbaku mara nyingi huanguka zaidi ya mara moja kabla ya kushinda. Akianguka mara ya pili, mwambie ainuke mara ya pili.

Wazo haliponyi kila kitu

Yafaa tuseme pia mipaka ya njia hii. Njaa si wazo. Deni si wazo. Mama anayepigwa nyumbani hahitaji kuambiwa abadili mawazo yake. Anahitaji kulindwa, na anayempiga anahitaji kukomeshwa. Kufikiri vizuri kunatusaidia kupata nguvu ya kushughulikia shida. Kusitumiwe kuwanyamazisha wenye shida.

Tena kuna huzuni ambayo ni ugonjwa. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi na huzuni kila siku, hapati usingizi, hali chakula, hana hamu ya kazi wala mazungumzo, anajiona hana thamani, mpelekeni zahanati au kituo cha afya. Akisema anatamani kufa, msimcheke, msimwache peke yake, na mpelekeni siku hiyo hiyo. Ondoeni karibu naye dawa za kunyunyizia mimea na kamba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka duniani. Ugonjwa huu si kichaa, si laana, na si udhaifu wa imani. Una matibabu.

Tufanye nini?

Ukikosea, fuata hatua hizi:

1. Taja kosa lako kwa maneno mafupi. Sema "nilikatiza dawa siku kumi". Usiseme "mimi ni bure".

2. Jiulize: ni sehemu gani iko katika uwezo wangu leo? Jana iache. Yaliyopita si ndwele.

3. Sikiliza moyo wako unasema nini. Ukisikia "lazima" au "sifai", jiulize: ni kweli? Kama rafiki yangu ndiye aliyekosea hivi, ningemwambia maneno haya?

4. Rudi. Rudi zahanati, rudi kisomo, rudi kwa jirani uliyemkosea. Rudi mapema, hata kama uso unaona haya.

Na wewe uliyekosewa au unayemhudumia mkosaji, una kazi yako. Wahudumu wa afya, tunawaomba jambo moja. Mgonjwa aliyekosa tarehe akirudi, mwambieni kwanza: "Umefanya vizuri kurudi." Kisha mwelezeni kosa lake faraghani. Mkimgombeza mbele ya foleni, wote waliokaa kwenye benchi wamejifunza kujificha. Walimu wa kisomo, mtu akisoma neno vibaya, msiruhusu kicheko. Wazazi, mtoto akivunja mtungi na akasema kweli, kumbukeni kwamba kusema kweli kunafaa kusifiwa.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Walijifunza kwamba uchafu ukifichwa vichakani huleta ugonjwa kwa kijiji kizima. Kosa lililofichwa nalo ni hivyo hivyo. Tulitoe mahali pa wazi, tulishughulikie, tuendelee na kazi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mgonjwa katika mfano wetu hakurudi zahanati? Jambo, wazo na hali yake vilikuwa vipi?

2. Taja majina mabaya ambayo watu wa kijiji chenu hupewa kwa sababu ya makosa yao. Majina hayo yanawasaidia au yanawaumiza?

3. Je, katika zahanati yenu na darasa lenu la kisomo, mtu aliyekosea anaweza kurudi bila kuchekwa? Kama hawezi, mtafanya nini ili aweze?